Karoti Nyumbani: Namna ya Kuziweka na Kuzipika
(Mazungumzo kwa watu wa Kwale, Diani na Msambweni)



Jioni ya Alhamisi mama wa Ukunda atokaye kazini hupita penye meza za mboga kando ya barabara, akanunua fungu la karoti. Karoti ni imara, zinang'aa, na rangi yake yapendeza macho. Huzitia kikapuni pamoja na nyanya na maembe mabivu, akafika nyumbani, akakitundika kikapu jikoni karibu na meko. Ijumaa hupika mbili. Jumamosi wamepata samaki, karoti hazikuhitajiwa. Jumapili, azitafutapo kwa ajili ya chakula cha wageni, huzikuta zimelegea kama kamba, ngozi imekunjamana, na zile za chini zimeanza kuteleza kwa uozo. Mbuzi wa jirani hufurahi, lakini fedha imekwisha kwenda.

Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi za pwani ya kusini, na lawama humwangukia muuzaji, kwamba ameuza mali ya zamani. Huenda ni kweli siku nyingine. Lakini mara nyingi karoti ilikuwa nzima ilipouzwa, ikaja kufia nyumbani, na kilichoiua ni kiu.

Karoti ni mmea wa nchi za baridi. Asili yake ni Asia ya Kati, upande wa Uajemi na Afghanistan, na za kwanza kulimwa zilikuwa za rangi ya zambarau na za manjano. Hii ya rangi ya machungwa ilisitawishwa Uholanzi, ikaenea duniani tangu karne ya 17. Hukua vizuri penye joto la digrii 16 hadi 21 za sentigredi. Pwani ya Kwale joto la mchana hufika digrii 30 mara kwa mara, na mtu aipandaye Diani huelekea kuvuna mizizi mifupi, iliyopauka, migumu kutafuna. Hata Milima ya Shimba, ijapokuwa ina mvua na ukungu, haifikii baridi ya Wundanyi.

Kwa sababu hiyo karoti ziuzwazo Kombani, Ukunda na Msambweni ni wageni waliotoka mbali. Nyingine hushuka kutoka Milima ya Taita, ambako wenyeji wamekuwa wakipeleka mboga Mombasa tangu miaka ya 1940. Nyingine hutoka Kinangop katika Nyandarua, safari ipitayo kilomita 500. Na ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga iko milima ya Usambara, ambako wakulima wa Lushoto hulima karoti kwa wingi. Karoti hung'olewa, huoshwa, hushindiliwa magunini, husafiri kwa lori usiku kucha, hushushwa katika soko kubwa la Kongowea, kisha wachuuzi huzigawana. Ziendazo kusini huvuka Likoni kwa feri, au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Basi karoti iingiapo kikapuni mwa mama wa Ukunda, huenda imekwisha kuwa nje ya udongo siku mbili, tatu, au zaidi.

Sasa yafaa kujua nini hutendeka katika siku hizo. Katika kila gramu 100 za karoti, karibu gramu 88 ni maji. Mzizi ukiwa ardhini hunywa, na kila unachopoteza hurudishiwa. Ukisha kung'olewa hauna pa kunywa, lakini haukomi kupumua, wala haukomi kutoa maji kwa ngozi yake nyembamba. Joto huongeza haraka ya mambo hayo mawili, na upepo mkavu huzidisha. Wenye maghala makubwa huziweka karoti katika baridi ya karibu na digrii 0, na hewa ya unyevu mwingi sana, na humo hukaa miezi. Kazi hiyo haiwezekani katika jiko la Msambweni. Hata hivyo mtu awezaye kuipa karoti yake kivuli, ubaridi kidogo na unyevu wa kadiri, ataipatia siku nyingi kuliko zile tatu za kikapuni.

Kazi huanza sokoni. Karoti njema ni ngumu. Ikipindwa haikubali kupindika, na ikivunjwa hutoa mlio. Ya kadiri hushinda ile kubwa mno, kwa kuwa kubwa mara nyingi huwa na moyo mgumu kama kuni. Yenye ufa yafaa kuachwa, kwa maana ufa ni mlango wa uozo. Ikiwa na kijani begani, maana yake bega lilitokeza juu ya udongo likapigwa na jua. Haina madhara, ila sehemu hiyo ina uchungu kidogo na yapasa kukatwa. Ikiwa imeuzwa na majani yake, majani mabichi ni ushahidi kwamba haijakaa sana. Lakini majani hayo hayo, ambayo sokoni ni ushahidi mwema, nyumbani ni adui, kwa maana huendelea kuvuta maji kutoka katika mzizi na kuyapoteza hewani. Yakatwe siku ile ile. Si lazima yatupwe: machanga hupikwa pamoja na mboga nyingine za majani, na mbuzi hawayakatai.

Karoti iliyokuja na udongo wake isioshwe mpaka siku ya kupikwa. Udongo mkavu ufutwe kwa mkono tu. Iliyokwisha kuoshwa huko itokako, nayo ndiyo inayouzwa zaidi, yataka kutandazwa kivulini mpaka maji ya juu yakauke, kisha ndipo iwekwe. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, baada ya kuambiwa kwamba karoti hufa kwa kiu. Lakini maji yaliyotuama juu ya ngozi ni jambo moja, na unyevu wa hewa iliyoizunguka ni jambo lingine. Maji yaliyotuama huozesha. Unyevu wa hewa huhifadhi. Kila karoti ichunguzwe moja moja, na iliyochubuka au kuvunjika ipikwe kwanza.

Kwa nyumba isiyo na friji, njia ya zamani na iliyo bora ni mchanga. Huchukuliwa sanduku la mbao, au debe lililotobolewa matundu machache chini, likatiwa mchanga kiasi cha vidole vitatu. Karoti hulazwa juu yake bila kugusana, zikafunikwa kwa mchanga, zikalazwa nyingine, na hivyo mpaka juu. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope: ukifumbatwa mkononi ushikamane, lakini usidondoshe maji. Ukianza kukauka hunyunyiziwa maji kidogo. Sanduku likae chini, penye sakafu ya ubaridi, mbali na meko na mahali ambapo jua la mchana halifiki. Hapo karoti nzima yaweza kukaa wiki moja na zaidi bila kulegea.

Hapa pana onyo kwa watu wa Diani, Tiwi na Msambweni, ambao mchanga mweupe wanao mlangoni. Mchanga wa ufukoni una chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka katika mzizi kama inavyoyavuta katika samaki wa ng'onda. Mtu akizika karoti humo amezikausha mwenyewe kwa mkono wake. Autumie mchanga wa mtoni, au ule wa ufukoni auoshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, mara nyingi, mpaka ukionjwa hauna chumvi hata kidogo.

Njia ya pili ni ya chungu. Kila mtu wa pwani ajua kwamba maji ya mtungi hupoa, na sababu yake ni kwamba mtungi hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Nigeria ya Kaskazini, Mohammed Bah Abba, aliitumia elimu hiyo ya kale kwa ajili ya mboga. Alitia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati ya viwili hivyo, akaurowesha mchanga, akafunika mdomo kwa kitambaa chenye maji. Mboga za ndani zikakaa wiki badala ya siku chache, na mwaka 2000 kazi yake ikatunukiwa tuzo ya kimataifa. Vyungu viwe vya udongo mtupu, visipakwe rangi, na mchanga utiwe maji asubuhi na jioni.

Lakini haifai kumdanganya mtu. Nchi ya Mwalimu Bah Abba ni kavu, na chungu hupoa sana palipo na ukavu. Kwale ina nchi mbili. Upande wa Kinango, Samburu na Ndavaya, ambako hewa ni kavu na upepo haukosi, vyungu viwili vitafanya kazi nzuri. Upande wa Diani na Msambweni, ambako hewa hujaa unyevu wa bahari, jasho la chungu hukauka polepole na ubaridi wake huwa mdogo. Hasa wakati wa masika, faida itakayoonekana ni chache. Mtu wa huko asiende kununua vyungu viwili vipya kwa ajili ya karoti sita. Mchanga wamtosha, na akikosa mchanga, kitambaa cha pamba kilichoroweshwa kikakamuliwa sana, kikaviringwa juu ya karoti na kuwekwa ndani ya kikapu kivulini, kitamfaa kwa siku kadhaa, mradi kifuliwe kila siku kisinuke.

Wenye friji hudhani kwamba wamekwisha salimika. Hasha. Friji hutoa baridi, lakini hewa yake ni kavu, na karoti iliyoachwa wazi humo husinyaa vile vile, ila kwa siku nyingi zaidi. Zamani watu walizifunga katika mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na kwa karoti hakuna hasara. Chombo chenye kifuniko, kilichotandikwa kitambaa kikavu cha kunyonya jasho, ni bora kuliko mfuko. Kikae katika droo ya chini. Hapo karoti hukaa wiki mbili au tatu. Umeme ukikatika saa chache, mlango usifunguliwe-funguliwe.

Na yale maembe ya kikapuni? Maembe mabivu, ndizi, papai na nyanya hutoa hewa iitwayo ethilini, isiyoonekana wala kunuka jikoni. Hewa hiyo huyaivisha matunda, lakini ikiingia katika karoti huzifanya chungu. Mama aliyewahi kupika karoti zenye uchungu, akadhani ni dawa za shambani, huenda alizilaza pamoja na ndizi. Ziwekwe mbali na matunda. Hata upande wa pili wa jiko watosha ikiwa hewa inapita.

Karoti iliyolegea bila kuoza haijafa. Ikatwe ncha mbili, ilazwe katika maji safi ya baridi muda wa saa moja, nayo itanyanyuka. Vumbi jeupe juu ya karoti iliyomenywa ni ukavu tu, wala halidhuru. Bali yenye utelezi, harufu mbaya au madoa meusi yanayoingia ndani, itupwe, isikatwe sehemu mbovu ili nyingine ipikwe kwa kuona huruma ya fedha.

Zikiwa nyingi mno, kama baada ya harusi au bei ikishuka, ziko njia nyingine. Mwenye friji ya kugandisha huzikata vipande, akazitia katika maji yanayochemka dakika mbili, akazitosa mara moja katika maji baridi, akazikausha na kuzigandisha. Asiye nayo aweza kufanya achari, kwa ndimu, chumvi na pilipili, jambo ambalo akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa. Waanikao karoti wakumbuke kuzianika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huua rangi yake, na rangi ndiyo iliyo na dawa.

Habari ya dawa hiyo ni ndefu kidogo. Mwaka 1831 Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitoa rangi ya karoti akaipa jina la karotini, na baadaye ikajulikana kwamba mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo macho, ngozi na nguvu ya kupigana na maradhi huitegemea. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiishambulia Uingereza usiku, magazeti ya huko yalieneza habari kwamba rubani John Cunningham huona gizani kama paka kwa sababu ya kula karoti. Kwa kweli ndege yake ilikuwa na rada, chombo kilichokuwa siri, na serikali ilikuwa na karoti tele ikitaka watu wazile. Idara za habari nazo, mara moja moja, hutia chumvi. Mtu mwenye vitamini A ya kutosha hata akila gunia zima hataona gizani zaidi ya mwenzake. Atakachopata ni ngozi ya manjano viganjani, nayo huondoka yenyewe aachapo.

Lakini kwa mtoto aliyepungukiwa, jambo hili si hadithi ya vita. Mtoto ambaye jua likitua huanza kujikwaa na kupapasa ukuta, ilhali wenzake bado wanakimbia uani, hana uvivu wala hajarogwa. Hiyo ni dalili ya macho kukosa vitamini A, na ikiachwa jicho hukauka na laweza kupofuka kabisa. Mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja, iwe Msambweni, Kwale au Kinango; asingojewe aponywe na karoti. Kadhalika matone ya vitamini A yatolewayo katika vituo vya afya kila miezi sita, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, hayaondolewi haja yake na chakula.

Karoti kazi yake ni kumlinda mtoto asifike hapo. Karoti moja ya kadiri, yenye uzito wa kama gramu 60, yaweza kutosha haja ya siku nzima ya mtoto wa chini ya miaka minane. Yaweza, lakini kwa sharti. Karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta, na karoti mbichi iliyotafunwa peke yake hupita tumboni na sehemu kubwa ya mali yake bila kutwaliwa. Ikipikwa kidogo, na kuliwa pamoja na mafuta, mwili huitwaa zaidi. Na hapa mtu wa Kwale amepewa bahati ambayo mtu wa Kinangop anayelima karoti hana: minazi.

Karoti nne za kadiri husuguliwa kwa maji safi, zikaparwa kidogo tu, kwa maana ngozi yake ni nyembamba na haifai kuitupa pamoja na nyama yake. Hukatwa vipande vyembamba vilivyo sawa ili viive pamoja. Kitunguu hukaangwa, nyanya na bizari hufuata, kisha karoti hutiwa pamoja na tui jepesi la nazi moja na chumvi. Sufuria hufunikwa, ikachemka polepole kwa moto mdogo mpaka karoti zilainike bila kuvurugika, kama dakika kumi na tano. Tui zito hutiwa mwisho, likakorogwa mfululizo mpaka lipate moto, lisije likakatika. Maji ya kwanza yasimwagwe kamwe. Mboga hiyo huliwa kwa wali au ugali, na mtoto aliyekwisha timiza miezi sita hupondewa kijiko kimoja au viwili katika uji wake. Wa chini ya miezi sita haja yake ni maziwa ya mama peke yake. Vipande vibichi vigumu asipewe mtoto mdogo, vyaweza kumkaba.

Karoti za kachumbari na za maji ya kunywa huliwa bila kupita motoni, basi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Karoti imeshikwa na mikono mingi njiani, na kipindupindu na homa ya matumbo si wageni katika pwani hii.

Tena, ziko siku ambazo lori limechelewa, au mvua za bara zimeharibu barabara, na fungu la karoti limepanda bei mara mbili. Siku hizo mama asijione mnyonge. Papai bivu la uani, embe bivu, boga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, na majani ya kijani iliyoiva kama mchicha, kisamvu, majani ya kunde na ule mchunga uotao wenyewe mashambani, vyote vina karotini ndani yake, ijapokuwa katika majani rangi ya kijani huificha. Navyo hupikwa vile vile, kwa tui, na majani yachumwe siku ile ya kupikwa, kwa sababu hayo hata mchanga hayawezi kuyangoja.